Waacheni vijana wakafundishwe gofu

Wiki iliyopita nilimsikia mtu mzima, tena anayeheshimika mtaani, akimwambia kijana mmoja anayefanya kazi hotelini: "Usimpe mtu pesa yako. Simu yako ndiyo mwalimu wako." Kijana alikuwa ameuliza swali la maana kabisa. Kila akipiga, mpira unapinda kulia unaishia vichakani, naye alitaka kujua kama ajibane alipie masomo au aendelee kujirekebisha mwenyewe. Akajibiwa hivyo, na baraza nzima ikaitikia kwa vichwa. Nilinyamaza kwa adabu, maana aliyesema ananizidi umri. Lakini neno lile limenikaa kooni na leo nalitoa.

Kijana huyu nilimwona akipiga kabla hajaingia katika video. Alikuwa na mkono mwepesi na mwili unaozunguka bila kulazimishwa. Sasa akisimama mbele ya mpira anakumbuka mambo manne kwa pamoja, kiwiko, goti, kichwa na kifundo cha mkono, kila moja amelitoa kwa mtu tofauti, na wawili kati ya watu hao wanapingana kabisa. Fimbo ikishaanza kushuka kuufuata mpira haichukui hata theluthi ya sekunde. Nani ataweza kukumbuka mambo manne humo?

Tuizungumze slaisi yenyewe, yaani huko kupinda kwa mpira, maana ndiyo inayowasumbua wengi. Kwa mtu wa mkono wa kulia, mpira unapinda kulia kwa sababu uso wa fimbo, pale unapougusa mpira, umefunguka kulia kuliko njia ambayo fimbo inapita. Mpira unaanza safari karibu na kule uso ulikoelekea, khalafu unapinda kuikimbia njia ya fimbo. Kwa miaka mingi hata walimu walifundisha kinyume, kwamba mpira unaanza kwa kuifuata njia, mpaka zilipokuja rada za kupimia mwendo wa fimbo na mpira zikaonyesha kuwa uso ndio unaoamua zaidi.

Sasa mtazame anayejifundisha mwenyewe. Anaona mpira unakwenda kulia. Akili yake, ambayo ni nzuri tu, inamwambia alenge kushoto. Anageuza miguu, anageuza na mabega. Fimbo inaanza kukata kutoka nje kuja ndani, kuelekea kushoto, lakini uso bado unatazama kule anakotaka mpira uende. Tofauti kati ya uso na njia imeongezeka, kwa hiyo mpira unapinda zaidi. Akiona umepinda zaidi, anazidi kulenga kushoto. Kila anavyojirekebisha ndivyo anavyoliongeza kosa, na anafanya hivyo kwa bidii, kwa jasho, jioni baada ya jioni, akiamini kuwa anafanya mazoezi. Hili ndilo linaloniuma. Mvivu haimpati hasara hii. Inampata mwenye hamu.

Mwalimu anayeijua kazi yake atatazama mipira michache tu, na ataanza na mshiko. Mara nyingi mkono wa kushoto umezungushwa mno upande wa kushoto, gumba limenyooka juu ya mpini, na uso hauwezi kufungika kwa wakati. Ataugeuza mkono ule kulia kidogo, mpaka mwanafunzi akitazama chini aone vifundo viwili au vitatu vya vidole vyake. Ni badiliko dogo sana kwa macho. Mwanafunzi atalalamika kuwa haupati mshiko, fimbo imekuwa ngeni mikononi. Hapo ndipo mwalimu anapoistahiki pesa yake, kwa kumwambia: kaa hapo hapo, usirudi. Ukiwa peke yako utarudi ulikozoea, kwa sababu ulikozoea ndiko mwili unakoona kuko sawa.

Na mwili haujui. Mtu anahisi amezungusha mabega yote, ukimwonyesha picha yake yamefika nusu. Anaapa kuwa fimbo imepita ndani, nayo imepita nje. Hadanganyi, ndivyo anavyohisi kweli.

Sisi watu wa visiwani tungepaswa kuwa wa mwanzo kulielewa hili, kwa sababu wote tumepitia chuoni. Hakuna mzazi Unguja wala Pemba anayempa mtoto msahafu akamwambia ajisomee mwenyewe mpaka ajue. Mtoto anakaa mbele ya maalim wake, anasoma, maalim anasikiliza, na herufi isipotoka mahali pake anarudishwa, mara nyingi kama itakavyohitajika. Akili anayo. Tatizo ni kuwa kosa lake, sikioni mwake mwenyewe, linasikika sawasawa. Swingi, yaani namna unavyoizungusha fimbo kuupiga mpira, nayo ina hali hiyo hiyo, na sijui kwa nini tunaukubali ukweli huu chuoni tukaukataa uwanjani.

Nitatajiwa Bubba Watson, aliyeshinda mashindano makubwa ya Masters 2012 na 2014 bila kupitia kwa mwalimu. Nitatajiwa Lee Trevino, bingwa mwingine aliyejifundisha mwenyewe. Sawa, wapo. Lakini wanaomtaja bingwa wa zamani Ben Hogan kama mfano wa mtu aliyejichimbia mwenyewe waseme na bei aliyolipa. Alianza kucheza kwa kulipwa 1930, akapambana kwa miaka na mpira uliokuwa ukimpindia kushoto, na taji lake kubwa la kwanza, PGA Championship, akalipata 1946. Huyo alikuwa akipiga mipira mchana kutwa, siku zote, na ndiyo kazi yake. Kijana wetu ana saa moja baada ya zamu, kabla jua halijazama.

Upande wa pili yupo bingwa Jack Nicklaus. Alianza na mwalimu wake Jack Grout akiwa mtoto wa miaka 10, na hata alipokuwa bingwa wa dunia alikuwa akimrudia kila mwanzo wa msimu ili aanze upya na mambo ya msingi. Tiger Woods alishinda Masters ya 1997 kwa tofauti ya mipigo 12, akiwa na miaka 21, khalafu akamwendea mwalimu wake, Butch Harmon, wakaijenga upya swingi yake. Mwaka 2000 akashinda US Open kwa tofauti ya mipigo 15. Ikiwa huyo hakujiona ametosheka na macho yake mwenyewe, sisi tunaopiga mipira ya kuokota tunajitosheleza kwa lipi?

Simu ina faida yake, sikatai. Picha ya polepole inaonyesha mambo ambayo jicho haliwezi kuyashika. Lakini lazima uiweke kwa usawa wa mikono na katika mstari wake, maana ukiisogeza kando kidogo tu, fimbo iliyopita vizuri itaonekana imepita vibaya, nawe utaanza kurekebisha kisichoharibika. Hata ukiiweka sawa, unahitaji kujua unatafuta nini humo. Chukua video, mpelekee anayejua aitazame. Hapo simu imefanya kazi.

Na wapo walimu wabaya. Mwalimu anayekubadilishia kila kitu ndani ya saa moja, mkimbie.

Ipo hoja moja ninayoiheshimu: kwamba huko Bara wachezaji wengi wa kulipwa walianza kwa kubeba fimbo za wengine, bila kulipia somo hata moja. Ni kweli. Lakini kedi yule ameshinda miaka uwanjani akitazama swingi za kila namna, nzuri na mbovu, na wenzake wakimwambia papo hapo alipokosea. Hakujifundisha peke yake hata siku moja. Kijana wa hapa hana hata hicho. Waingereza walicheza gofu pale Mnazi Mmoja, mjini Unguja, wakati wa ukoloni, wakaondoka, na mchezo haukubaki mikononi mwa watu. Leo uwanja wa kueleweka ni ule wa mashimo 9 upande wa Mangapwani, na bei za mambo haya zimepangwa kwa kumfikiria mgeni. Ndiyo maana najua kuwa suala la pesa si kisingizio. Mshahara wa hotelini haubebi somo kila wiki.

Lakini halihitajiki kila wiki. Somo moja zuri, lenye jambo moja la kufanyia kazi, linamtosha mtu mwezi mzima au zaidi. Vijana wanne wakichangiana saa moja, kila mmoja akapigiwa jicho huku wenzake wakitazama, wanaondoka na masomo manne, na baadaye wanaweza kukumbushana wao kwa wao. Kwa wenye viwanja na hoteli ombi langu ni moja: tengeni saa moja kwa wiki, asubuhi ambayo wageni wako pwani, mwalimu awafundishe wafanyakazi na watoto wa vijiji vya jirani kwa bei ya mtu wa hapa. Fimbo za kuazima zipo, mipira ipo, na nyasi zimeshakatwa.