Alamu Inayomkamata Mwenye Gari

Jamani, alamu ya gari kuukuu haikamati mwizi, inamkamata mwenye gari. Saa tisa usiku lori la mchanga linapita, basi king'ora kinashika zamu. Hivi vya bei poa vina milio sita, na haurukwi hata mmoja. Mtaa mzima unaamka. Mwizi peke yake ndiye anayegeuka upande wa pili na kulala, anajua ni ile Corolla ya 1998 inaota.

Asubuhi sasa. Unabonyeza rimoti, kimya. Kale kabetri ka volti 12, kafupi kama kidole cha mtoto mchanga, kamekata roho. Unafungua mlango kwa ufunguo kama binadamu yeyote, king'ora kinakushitaki mbele ya watoto wa shule. Na stata haizunguki, kwa sababu alamu imeamua wewe ndiye mhalifu.

Na siku ikinyamaza, usishangilie, inakunywa betri. Zima gari, funga milango, subiri dakika 20, kisha chomoa hasi ya betri na upachike mita ya ampea kati ya waya na nguzo yake. Gari la umri huo likilala halipaswi kuzidi milliampea 50. Ukikuta 300, piga hesabu: ampea 0.3 mara saa 24 ni ampea-saa 7.2 kwa siku. Betri ya ampea-saa 45, siku tatu, karibu nusu imeliwa na mlinzi. (Usiwashe gari mita ikiwa imepachikwa, utakuwa umenunua fyuzi ya mita pia.)

Kwa hiyo tunaing'oa. Na hapa ndipo fundi wa kijiweni anaposema, "Dakika kumi tu, bosi," anaingiza kichwa chini ya usukani, anakata kila waya anayeuona, na gari linabaki hapo hadi Jumapili. Usimlaumu sana. Aliyeifunga alikuwa ndugu yake wa kiroho.

Kwanza fungua boneti ukitazame king'ora chenyewe. Kama kina kitundu cha ufunguo mdogo, kina betri yake ndani, na ukichomoa betri ya gari kitalia kwa nguvu zake chenyewe mpaka wazee wa mtaa waje. Kizime kwa ufunguo wake. Ufunguo wake uko wapi? Ha! Aliondoka nao mmiliki wa kwanza. Chomoa nyaya za king'ora, kifungue, kifunge kwenye blanketi, kiombee kiishiwe.

Ndipo ufungue hasi ya betri kwa spana namba 10, na kama gari lina mfuko wa hewa, ngoja angalau sekunde 90 kama Toyota wenyewe wanavyoelekeza. Ukikuta nyaya za njano kwenye nguzo ya usukani, zipite kama unavyompita mama mkwe: kwa heshima, bila kugusa, na usizichome na taa ya majaribio.

Toa kifuniko cha chini ya usukani. Nyaya za kiwandani zimepangwa kama wanajeshi, zimevishwa sare moja. Nyaya za alamu utazijua zenyewe: rundo limening'inia juu ya pedali, limeviringishwa tepu nyeusi ambayo kwa joto la Dar es Salaam imeshakuwa ulimbo. Ukiishika haikuachi. Katikati ya hilo rundo kuna boksi, na karibu na boksi kuna rilei, swichi inayoendeshwa kwa umeme, kijisanduku cheusi chenye miguu mitano. Hicho ndicho kisa chote.

Alamu nyingi hukata waya mnene mmoja kati ya swichi ya ufunguo na stata, au wa ignisheni, au wa pampu ya mafuta, na kuupitisha kwenye rilei. Soma namba chini ya miguu. Ukipitia 30 na 87a, rilei ikilala umeme unapita. Ukipitia 30 na 87, rilei lazima ipate umeme kutoka kwenye boksi ndipo umeme wa gari upite. Kwa hiyo ukichomoa boksi tu na kutamba mtaani, gari la aina ya pili halitawaka ng'o. Stata haizunguki kabisa? Tafuta waya wa stata. Inazunguka lakini injini haishiki? Tafuta ignisheni au pampu.

Dawa ni kutafuta visiki viwili vya waya vyenye rangi ileile ya kiwandani, kila kimoja kimeunganishwa na waya mgeni unaokwenda kwenye rilei. Kata wageni, chuna visiki sentimita moja na nusu, visokote, lehemu, kisha funika kwa mpira unaosinyaa kwa moto. Huo mpira unauvisha KABLA ya kuunganisha. Watu hukumbuka wakishamaliza kulehemu, wanautazama umekaa mezani. Usisokote na kuviringisha tepu tu. Waya wa stata unabeba ampea nyingi, utachemka.

Nyaya nyingine za alamu ni za kudandia, zimebanwa kwa vibanio vya plastiki vya bluu. Kibanio kina wembe ndani, na wembe huo umekata nyuzi za shaba, pengine pana kutu ya kijani. Nyuzi chache, safisha na ufunge. Nyingi, kata na uunge upya. Toa waya mmoja, rudisha betri, jaribu gari, kisha mwingine. Inachosha, ndiyo.

Kuna mbili za indiketa, kulia na kushoto. Mafundi wa haraka huzifunga pamoja ncha kwa ncha ili "zisizagae". Ndipo ukiashiria kushoto, gari linaashiria pande zote, na daladala la nyuma linaamua lenyewe. Kila ncha peke yake, na tepu yake. Nyaya za kufungia milango nazo, kama zilikatwa, uzirudishe, la sivyo utazunguka milango minne kwa ufunguo kama mlinzi wa zamu.

Nafasi ya kile kitaa chekundu cha alamu kwenye dashibodi usiiache tupu. Tafuta kingine kinachopepesa chenyewe, kipe rizista (kipunguza umeme) ya ohmu 1,000 kwenye upande wa chanya, kipitie kwenye fyuzi, kitakula kama milliampea 10 tu. Kitawaka na kuzima usiku kucha bila kutoa sauti, na wiki ya pili jirani atakuja kuuliza kama gari umeliuza.