Ukoga unaojificha chini ya plastiki

Vua plastiki yako ya kunyoosha meno, ile angavu inayovikwa juu ya meno, baada ya siku tano za kuivaa, isuuze, kisha iinue kwenye mwanga. Chungulia ndani, kwenye vile vishimo vinavyokalia vinundu ambavyo daktari alivigandisha kwenye meno. Utaona ukungu mweupe. Ukiukwangua kwa ukucha, unateleza. Huo ni ukoga: bakteria waliojijengea makazi, wakalala wamekumbatiana na jino usiku kucha.

Nimechoka kuambiwa kwamba plastiki hizi ni safi kuliko bresi za waya. Kuna ukweli ndani yake. Kwa kuwa zinavuliwa, mtu anapiga mswaki na kupitisha uzi bila waya kumzuia, na mara nyingi fizi zake huwa na afya kuliko za mwenye bresi. Lakini usafi huo unatoka mkononi mwa mvaaji. Bresi zikinasa chakula, kioo kinakusuta papo hapo. Plastiki hizi hukaa zikimetameta huku zimefunika uchafu.

Tunachosahau ni mate. Mate husuuza meno, hupunguza makali ya asidi na kurudisha madini kwenye enameli, lile tabaka gumu la nje ya jino. Sasa jino limefunikwa saa 20 hadi 22 kwa siku, mate yanalifikia kwa taabu. Bakteria kama Streptococcus mutans wakipata sukari huigeuza kuwa asidi, na pH, kipimo cha ukali wa asidi ambacho hushuka asidi ikizidi, ikifika chini ya 5.5 hivi, enameli huanza kupoteza madini. Mdomo ulio wazi hujirekebisha baada ya muda. Chini ya plastiki asidi hukawia, na dalili ya kwanza ni madoa meupe yaliyofifia kama chaki.

Kwa hiyo mlo haunitishi sana, maana wakati wa kula watu huvua. Kinachonikera ni soda na chai ya sukari inayonywewa kidogo kidogo plastiki ikiwa mdomoni, eti mtu asipoteze saa za kuvaa. Kinywaji kinapenya pembeni, kinatuama ndani, na jino linabaki limerowekwa. Ukiwa umevaa, kunywa maji matupu tu, tena yasiwe ya moto, yasije yakaipinda.

Kusafisha hakuna maajabu: mswaki laini, maji ya kawaida, tone la sabuni isiyo na harufu. Dawa ya meno yenye chembe za kusugua naiepuka, inaacha mikwaruzo na bakteria hujibanza humo. Vidonge vya kulowekea vinasaidia, ila mswaki uko palepale. Wala usitegemee kwamba seti mpya ya plastiki unayobadilisha kila wiki moja au mbili itakuokoa. Ukiivika juu ya jino chafu, inarithi bakteria walewale siku hiyohiyo.

Mimi hubeba mswaki mdogo mfukoni. Nikikosa pa kuutumia, nasukutua maji mara tatu ndipo navaa tena. Haitoshi, najua: nikizembea siku mbili tatu, fizi za huku nyuma kwenye magego hutoa damu.