Uchache wa Vipande si Uchache wa Kazi

Nimekerwa, na sitaki kulificha hilo. Katika maonyesho ya kazi za mikono niliyohudhuria, mbunifu mmoja chipukizi alikuwa amepanga mezani chemshabongo zake za mbao, kila moja ikiwa ni kisanduku kidogo na vipande vitatu au vinne vya kutia ndani yake, basi. Mteja mmoja alikichukua kisanduku, akakigeuzageuza, akauliza bei, kisha akasema kwa sauti ya kusikika kwamba vipande vinne haviwezi kugharimu hivyo, kwa kuwa kwa fedha hizohizo angepata picha ya kuunganisha yenye vipande elfu moja. Waliokuwa karibu wakamuunga mkono, na mbunifu akanyamaza. Mimi siwezi kunyamaza, kwa sababu kupima ubunifu kwa kuhesabu vipande ni kuwadhulumu watu waliochagua njia ngumu kuliko zote katika fani hii.

Mwenye vipande elfu anaweza kukuchosha kwa wingi wake tu. Mwenye vinne hana pa kujificha: kila kona iliyochomoza na kila pengo lililoachwa lazima liwe na sababu, la sivyo fumbo linafumbuka lenyewe mkononi mwa mtoto.

Chukua fumbo la Slothouber na Graatsma, wasanifu wawili wa Uholanzi. Umbo la kujazwa ni mchemraba wa tatu kwa tatu kwa tatu, na vya kujazia ni vya aina mbili tu: vibao sita vya moja kwa mbili kwa mbili, na vijimraba vitatu vya moja kwa moja kwa moja. Ujazo wa vibao ni 24, wa vijimraba ni 3, jumla 27, kwa hiyo hesabu inatimia na mtu huanza kwa moyo mkunjufu. Hutanguliza vibao kwa kuwa ni vikubwa, akiamini kwamba vile vidogo vitaziba mianya itakayobaki, na hapo ndipo anaponaswa. Ukiugawa mchemraba ule kwa matabaka, kila tabaka lina nafasi tisa, nayo tisa ni witiri. Lakini kibao, ukilaze au ukisimamishe, hujaza nafasi mbili au nne za tabaka, au hakiligusi kabisa, na zote hizo ni shufwa. Hakuna basi tabaka hata moja, ukihesabu kutoka juu, ubavuni au mbele, linaloweza kujaa bila kijimraba ndani yake. Kwa kuwa matabaka ni matatu kwa kila upande na vijimraba ni vitatu, kila tabaka hupata kimoja tu, na mpangilio pekee unaoviruhusu vibao vyote sita kuingia ni ule wa vijimraba kukaa mshazari, kutoka kona moja, kupitia kitovu, hadi kona ya mkabala. Vile vilivyodhaniwa kuwa vya kuzibia mianya ndivyo vinavyotawala kila kitu. Mwanahisabati John Conway alitumia msingi huohuo katika mchemraba wa tano kwa tano kwa tano wenye vipande 18, na ni kazi nzuri, lakini moyo wangu uko kwa ile ndogo, ambamo wazo limesimama wazi bila kufunikwa na chochote.

Mmarekani Stewart Coffin, mbunifu wa mafumbo, alipunguza zaidi. Katika fumbo lake liitwalo Four Fit kuna vipande vinne bapa na trei ya mstatili ya kuvitia, na watu wazima wenye akili timamu wamekesha nalo, kwa sababu macho yetu hudai kila kipande kikae sambamba na kingo, na Coffin aliijua vyema tabia hiyo ya macho.

Kisanduku cha yule chipukizi kinatoka katika ukoo huo. Kuvipanga vipande vyake nje, mezani, viwe mchemraba, si kazi kubwa. Kuviingiza ndiyo shughuli, kwa sababu mdomo wa kisanduku umezibwa sehemu: kipande cha pili lazima kiingie kikiwa kimeinama, kisigino chake kipite chini ya ukingo, kisha kizungushwe kikiwa ndani, ndipo cha tatu kipate njia. BurrTools, programu ya bure iliyotungwa na Andreas Röver na inayotegemewa na wabunifu wengi, hupekua mipangilio kwa kasi ya ajabu, lakini huvisogeza vipande kwa mstari ulionyooka. Mzunguko wa namna ile ulitoka katika kichwa na vidole vya mtu. Fundi naye hana nafasi ya kukosea, kwa kuwa nusu milimita ikizidi, kipande hupenya kwa njia isiyokusudiwa na fumbo limekufa.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba bei ilikuwa kubwa kwa wengi wetu, na kwamba wapo wanaopunguza vipande kwa uvivu wakauita uvivu huo usahili. Dawa yake ni kukaa na fumbo na kulijaribu kabla ya kulihukumu, jambo ambalo mteja yule hakulifanya.

Kinachonitia hofu zaidi ni wale waliokuwa wakipiga picha vipande vile ili wakavichonge kwao. Umbo la vipande vinne husomeka kwa jicho mara moja, na akishanakiliwa, mbunifu hana kingine cha kuuza. Anayetaka kuchonga na aombe ruhusa kwanza, na anayeuza na aliandike jina la mbunifu chini ya kisanduku, hata kama mwenye jina hilo bado hajulikani na yeyote.