Nyumbani naitwa daktari, huku nina tarehe ya kuisha

Watu wa nyumbani Kenya wakisikia niko Ujerumani nafanya utafiti chuo kikuu wanajua nimeshatulia, kazi ya kudumu, pensheni inahesabika. Sitaki kumvunja mtu moyo lakini wacha niseme hali ilivyo, hasa kwa nyinyi mnaomaliza PhD na mnasaka postdoki (kazi ya utafiti ya muda baada ya PhD) ya kuwaleta huku.

Kuna sheria ya mwaka 2007, wenyewe wanaifupisha WissZeitVG, inaruhusu chuo kikuajiri kwa mikataba ya muda hadi miaka 6 kabla ya PhD na mingine 6 baada yake (wa udaktari wa tiba hiyo ya pili ni 9), na ukilea mtoto unaweza kuongezewa 2. Zikiisha, ama uwe profesa, ama upate moja ya zile kazi chache za kudumu, ama uwe kwa mradi unaolipwa na mfadhili wa nje, ukikosa basi, hata kama pepa zako zinasomwa dunia nzima. Ripoti ya kitaifa ya 2021 ilionyesha watafiti wa vyuo vikuu walio chini ya miaka 45 ambao si maprofesa, 92% wako kwa mkataba wa muda. Yaani karibu wote! Mwaka huo huo video ya wizara ikasambaa, mhusika ni mtafiti kijana anaitwa Hanna, inaeleza ati mikataba mifupi inasaidia ili kizazi kimoja kisizibe nafasi zote. Watafiti wakawaka, wakaandika kwa maelfu mtandaoni chini ya #IchBinHanna (yaani “mimi ni Hanna”), kila mtu anataja umri wake na mikataba aliyopitia. Nilisoma nyingi na ziliniuma, manake ni watu wamefundisha kizazi kizima cha wanafunzi na bado hawajui mwaka ujao watakuwa mji gani.

Lakini kinachokula mtu kwa ndani si ule mkataba peke yake. Ikibaki miezi 3 uishe unatakiwa ujiandikishe ofisi ya ajira kama mtafuta kazi, na hapo bado unafundisha, bado unasimamia tasnifu za wanafunzi, asubuhi uko mbele ya darasa unaitwa daktari na mchana unajaza fomu za mtu anayekaribia kukosa kazi. Kwa sisi wageni kibali cha kuishi nacho kinategemea huo mkataba. Siku ukiisha imeili ya chuo inafungwa, maktaba inafungwa, na ile pepa uliyohangaika nayo miaka hujui chini ya jina lako uandike chuo gani. Umekuwa mtafiti wa wapi sasa?

Kenya shida imekaa upande mwingine. 2014 Kamisheni ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa vigezo kwamba mhadhiri awe na PhD, watu wakakopa, wakasoma usiku, wakamaliza, na ajira hazikuja, wengi wako tu wahadhiri wa muda wanaolipwa kwa yuniti, yaani kwa kila somo wanalofundisha, semista inaisha, mitihani imesahihishwa, marks zimeingia, pesa inakuja mwaka mwingine ama haiji. Bima hakuna, likizo hakuna. Hata wa kudumu hawajapona, 2025 waligoma karibu wiki 7 wakidai shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya mishahara ya 2017–2021.

Ila jina halikutoki. Ukiwa na kazi ama huna wewe ni daktari, wanafunzi wa zamani wanakutafuta, vijana wanakuomba uwasomee proposo. Hiyo kitu nimeikosa huku sana, na sidharau kabisa. Ninachokataa ni ile heshima kutumika kama mshahara, mtu akidai pesa yake anaambiwa ati daktari mzima unagombania vijisenti, anaona aibu, ananyamaza, semista inayofuata anarudi darasani bila karatasi yoyote iliyosainiwa.

Upande wa pesa Ujerumani inashinda, sitadanganya. Mshahara unaingia kila mwezi, bima iko, likizo inalipwa, na kama umechangia mwaka mmoja kuna pesa ya kukosa kazi. Kwa mtu mwenye familia hiyo si kitu kidogo, na kama ningekuwa nimeulizwa ningeshauri mtu aje. Aje tu akijua anakuja kwa miaka iliyohesabiwa.

Kwa hivyo ukipata barua ya kazi huku usiangalie mshahara tu, uliza kwa hesabu ya hiyo sheria umebakiwa na miaka mingapi (ukimaliza PhD chini ya 6, zilizobaki zinahamia ile awamu ya baada ya PhD, wengi hawajui), uliza pesa ni ya chuo ama ya mradi, na uliza waliotangulia kwenye hiyo nafasi wako wapi leo. Na wewe uliye nyumbani, dai barua ya ajira kabla ya lekcha ya kwanza, na mdai mkiwa wengi idara nzima, manake ukidai peke yako yuniti yako itapewa mwingine.