Uchumba wa Kuigiza Unahitaji Mji Wenye Macho

Riwaya za uchumba wa kuigiza huanza karibu namna ileile. Mtu anarudi katika mji mdogo aliokulia, na huko kuna harusi ya ndugu, urithi wenye masharti, au midomo ya watu inayotaka kuzibwa. Anatafuta wa kujifanya mchumba wake. Wanapatana: tutashikana mikono mbele ya watu, faragha kila mtu na lake, na shughuli ikiisha tunaagana kwa amani. Msomaji anajua mapema kwamba hawataagana, na mimi sioni ubaya wowote hapo. Hata chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani, Romance Writers of America, kiliitambua riwaya ya mapenzi kwa mambo mawili: penzi liwe kiini cha hadithi, na mwisho uwe wa kuridhisha na wenye matumaini. Anayelalamika kwamba mwisho unajulikana amebisha hodi nyumba siyo.

Ninachokidai ni kingine. Naudai mji wenyewe.

Waandishi wengi mno wanaufanya mji kuwa pambo. Kuna duka la mikate, kuna tamasha la mwaka, kuna bibi mwenye maneno mengi, basi. Wawili wale wangeweza kuhamishiwa kokote na hadithi isipungukiwe na kitu. Lakini uongo huu hauna maana bila mashahidi. Wasipokuwepo watu wa kudanganywa, hakuna sababu ya kushikana mikono. Mji ni mhusika wa tatu katika penzi hilo, na ndiye anayewalazimisha wawili wale wakae karibu kuliko walivyokusudia.

Tena mji mdogo si idadi ya wakazi. Katika *The Duke and I* ya Julia Quinn, iliyotoka mwaka 2000, uchumba wa kuigiza unafanyika London ya mwaka 1813, jiji kubwa kwelikweli. Hata hivyo tabaka la wakuu wanaozunguka katika dansi zilezile, wakisoma gazeti lilelile la umbea, linaishi kama kijiji. Kinachohesabika ni kwamba kila anayekutazama anakujua, anamjua mama yako, na kesho atauliza.

Na hapo ndipo utamu unapoanza. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Hawa wawili wanafanya kinyume: wanajikohoza kwa makusudi ili wasikike, mpaka siku kifua kinapobana kweli na hakuna anayeweza kutofautisha, wao wenyewe wakiwamo. Ili kumdanganya jirani, ni lazima ujue mwenzako anaogopa nini, analala upande gani, habari za baba yake huwa anaziepuka vipi. Umejifunza kwa ajili ya mchezo, lakini umejifunza. Ndiyo maana kwangu tukio kubwa la riwaya hizi halijawahi kuwa busu la hadharani. Ni pale mmoja anapomfunika mwenzake koti na barabara ni tupu, hakuna wa kumwonyesha. Mwandishi akilipita tukio hilo kwa mstari mmoja, mimi humsamehe kwa shida sana.

Sasa mgogoro. Mara nyingi, hadithi ikielekea ukingoni, anazuka mpenzi wa zamani, au simu inasikika nusu, wawili wanakosana, baada ya kurasa chache wanapatana. Njia rahisi, na inaupoteza mzigo wote uliokwisha kubebwa. Jeraha la kweli liko kwa waliodanganywa. Yule bibi alifurahi kwa moyo wake wote. Mama ameanza kuwaza wajukuu. Wema wao ndio unaopaswa kuuvunja uongo. Filamu ya *The Proposal* ya mwaka 2009 inalijua hili: mwanamke anayejifanya mchumba ili asifukuzwe Marekani anapelekwa kwao bwana, Sitka, Alaska, na nyanya wa bwana anampa mkufu wa ukoo. Afisa wa uhamiaji anawashuku, lakini kinachomvunja si hilo. Amepewa zawadi tu, na zawadi hiyo inamlemea. Siku ya harusi anakiri mwenyewe, mbele ya wageni wote.

Kukiri hadharani ndiko ninakokutaka katika kila riwaya ya aina hii. Kama uongo ulisemwa mbele ya mji, ukweli nao usemwe mbele ya mji. Nimechoshwa na wahusika wanaopatana chumbani, kisha mji unaarifiwa katika sura ya mwisho na wote wanacheka kana kwamba walichezewa mzaha. Watu hawachekeleani hivyo. Wapo watakaonuna, yupo mmoja atakayekataa kuja harusini, na mwandishi jasiri atamwacha anune hadi kitabu kiishe. Mwisho wenye matumaini hauhitaji kila mtu awe amesamehe. Unahitaji wawili wale wakubali kuendelea kuishi hapohapo, wakimsalimia kila asubuhi yule asiyewajibu.