Msimzimie wimbo wake

Wiki iliyopita mtu alizima redio mbele ya mama yangu mkubwa, akasema, "Kelele zinamchosha." Hasira yangu haijapoa hadi leo. Mama mkubwa kumbukumbu zimemtoka; mimi huniita kwa jina la mdogo wake, siku nyingine haniiti kabisa. Lakini muda mfupi kabla ya redio kuzimwa ulipigwa wimbo wa kwaya wa zamani. Kidole chake kikaanza kugonga blanketi. Kisha akaimba, tena hakuimba sauti ya kwanza ambayo kila mtu angeishika. Aliingia na sauti ya pili, ile aliyoimba enzi za usichana wake, na kiitikio kilipokaribia akavuta pumzi mapema, kwa kuwa alijua pale mbele pana noti ndefu. Huyo ndiye anayesemewa kwamba amechoka.

Muziki tumeuweka kwenye fungu la starehe, kitu cha kufuata baada ya mambo ya maana kwisha. Sikubali. Mwaka 1985 virusi vilishambulia ubongo wa Clive Wearing, mwanamuziki wa Uingereza, akabaki na kumbukumbu ya sekunde chache. Mkewe akitoka chumbani na kurudi, alimlaki kama mtu aliyepotezana naye miaka. Ila akiketi kwenye piano, alipiga. Akisimama mbele ya kwaya, aliiongoza. Mwaka 2015 watafiti wa Leipzig, Ujerumani, walieleza kwamba sehemu za ubongo zinazotunza nyimbo tulizozijua zamani ni miongoni mwa zile ambazo ugonjwa wa Alzheimer, ule unaofuta kumbukumbu za mtu polepole, huchelewa kuziharibu. Na wapo waliopatwa na kiharusi wakashindwa kutamka hata sentensi moja, lakini ubeti mzima wanauimba na maneno yake yote.

Haya, nakubali kwamba si kila wimbo unafaa. Mwingine humrudisha mtu kwenye msiba, akalia mchana kutwa. Redio inayounguruma tangu asubuhi bila anayeisikiliza nayo ni kelele kweli. Ndiyo maana wimbo lazima uwe wake, na mara nyingi ni ule wa ujana wake. Hizo ndizo hudumu kuliko zote.

Kwa hiyo waulizeni wazee wenu sasa, wakiwa bado wanaweza kujibu. Wimbo gani? Uliimba sauti ya ngapi? Uliimba na nani? Hilo swali la mwisho msiliruke, kwa sababu mama mkubwa alipokuwa akiimba aligeuka mara mbili kuangalia upande wake wa kushoto, na hakuna hata mmoja katika ukoo wetu anayejua ni nani alikuwa akisimama hapo. Na nyinyi mnaowatunza, kwenye lile faili mnaloandika dawa na saa zake, andikeni na nyimbo.