Nyumba ya zamani Jinja: tubomoe au tukarabati?

Jirani yangu kaniambia wiki jana, tena kwa nia njema kabisa, bomoa hiyo nyumba mzee, kiwanja chako kizuri, jenga mizigo minane, yaani vile vyumba kimoja kimoja vya kupangisha, uanze kula kodi. Nimelala na hilo neno siku kadhaa maana si la kupuuza.

Nyumba yenyewe ni zile za Wahindi, tofali la kuchoma, kuta nene, dari iko juu sana, baraza mbele na ua nyuma na jiko limejitenga. Hapa mjini Jinja, Uganda, zimejaa, ukipita Main Street utaona zingine mwaka wa kujengwa bado umeandikwa pale juu mbele. Wenyewe, hao Wahindi, walifukuzwa 1972, Rais Idi Amin akawapa siku 90, nyumba zikawekwa chini ya bodi ya serikali na waliokaa humo walikuwa wapangaji tu, sasa nani atatoa hela yake kuziba paa ambalo si lake na kesho anaweza kuhamishwa? Nyingi hazikurudi kwa wenyewe mpaka miaka ya 90. Kwa hiyo uchakavu tunaouona si uzee peke yake, ni karibu miaka 20 ya kukosa mwenye nyumba.

Sasa jirani ana haki yake. Nyumba ya zamani ukifungua kitu kimoja unakutana na vitatu. Waya za umeme hazina ati, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, na ile raba yake ukiigusa inabomoka kama biskuti. Mabomba ya chuma yameoza kwa ndani, maji yanatoka kama ya mgonjwa. Halafu asbesto, zile nyuzi zilizochanganywa na simenti kwenye mapaa ya zamani! Kama paa lako ni la asbesto usimruhusu fundi alitoboe wala alikate kwa msumeno, vumbi lake likiingia mapafuni ugonjwa unaweza kujitokeza baada ya miaka 20 au zaidi, na kuliondoa salama ni gharama ambayo hukuipigia hesabu. Na ukweli mwingine, vyumba vinane vinaleta kodi kila mwezi wakati nyumba yangu inalaza familia moja na inadai hela tu.

Ila kuna kitu kinaniuma, nyumba nyingi tunazosema zimeoza tumezimaliza sisi wenyewe kwa simenti. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo. Ukuta wa sebule ulikuwa na unyevu chini, fundi akasema tubandue plasta yote tupige ya simenti ngumu, tukapiga, ikapendeza, mvua za Aprili zilipokuja plasta ikavimba na kutoka vipande vipande na unyevu ukapanda juu kuliko mwanzo. Sababu ni kwamba kuta hizi zimejengwa kwa chokaa, na msingi mara nyingi hauna ile nailoni ya kuzuia maji ya ardhini, maji yanapanda ndani ya tofali kisha yanatokea kwenye chokaa na kukauka kwa upepo, ndivyo ukuta unavyopumua. Ukiufunga kwa simenti maji yanakosa pa kutokea, yanapanda, na chumvi yake inasukuma plasta. Dawa ilikuwa rahisi, kuchimba mtaro maji ya paa yaende mbali na ukuta, kisha plasta ya chokaa na mchanga. Chokaa ipo hapa hapa Uganda, Tororo na Kasese wanachoma. Kazi ni kumpata fundi atakayekubali kusubiri wiki nzima ikauke, vijana wengi wamefundishwa simenti tu na si kosa lao.

Na joto je? Saa nane mchana ingia kwenye muzigo wa bati lisilo na siling halafu uje ukae kwangu, dari ya juu na vitundu vya hewa juu ya madirisha, feni sina. Mbao za paa ni mvule, mchwa wameshindwa nazo miaka yote hiyo, leo ukiezeka utauziwa mkalitusi mbichi.

Kwa hiyo mi naona swali si kubomoa au kutobomoa nyumba nzima. Kuta na mbao zibaki, waya na mabomba yang'olewe yote bila huruma, usiunge unge. Kinachoamua ni msingi. Kwenye kila ufa niligandisha kipande cha kioo kwa plasta, pande mbili za ufa, nikaandika tarehe, kikipona misimu yote miwili ya mvua basi ukuta umetulia. Vya sebuleni na chumbani vimepona. Cha jikoni kule nyuma kilipasuka mwezi wa tano, kona ile inazama, na hilo jiko nitalibomoa. Tofali zake zinatoka nzima maana chokaa unaikwangua tu, nitazitumia kurudishia nguzo za baraza.